Oshin Hakungojea Mbivu

Ipo methali ambayo msichana wa Pwani huanza kuisikia kabla hajajua kujifunga leso vizuri, na huendelea kuisikia mpaka siku anapovishwa sanda. Nayo ni ile isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu. Akiolewa akapigwa, ataambiwa hiyo. Mume akioa mke wa pili kimyakimya, ataambiwa hiyo. Akifika miaka 50, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, mume kafa au kahamia kwingine, naye akasema ataka kufungua biashara au kurudi darasani, ataambiwa hiyo hiyo, tena kwa nyongeza kwamba umri umeshakwenda, atulie aombe mwisho mwema. Sina ugomvi na methali. Wazee waliotuachia walitushinda akili. Ugomvi wangu ni na wale wanaoichukua methali wakaifanya kufuli ya mlango.

Nimesukumwa kuandika haya na mchezo mmoja wa televisheni kutoka Japani, uitwao Oshin. Si mchezo mpya. Shirika la utangazaji la huko, NHK, lilianza kuuonyesha tarehe 4 Aprili 1983, likiadhimisha miaka 30 ya televisheni yake, na likaumaliza tarehe 31 Machi 1984. Ulikuwa ukionyeshwa asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, kwa dakika 15 tu, hata zikatimia sehemu 297. Kwa wastani zaidi ya nusu ya majumba ya Japani yaliutazama, na siku ya kilele ilifika asilimia 62.9. Tangu hapo umesafiri nchi zaidi ya 60.

Kila ulikokwenda, sifa moja ndiyo iliyoutangulia: ati ni hadithi ya uvumilivu. Huko kwao jina Oshin liligeuka kuwa neno la kumsifia kila aliyestahimili taabu. Mpiga mwereka wa sumo aitwaye Takanosato, aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari na aliyechelewa kupanda, alipofikia daraja ya juu kabisa ya mchezo huo mwaka 1983, naye akiwa na miaka 30, watu walimbandika jina la Oshin. Na huku kwetu, wale wachache walioupata mchezo huu kwa sahani za dividii wanausifia vivyo hivyo. Mtazame Oshin, mwanangu, uone mwanamke anavyovumilia!

Mimi nimeutazama wote. Sehemu 297 za dakika 15 ni zaidi ya saa 74, na saa hizo si kidogo kwa mtu aliyepita nusu ya umri wake. Ninasema waziwazi kwamba sifa hiyo haikuutendea mchezo haki. Kila mahali ambapo Oshin alikaa akavumilia tu, alipoteza kitu. Yale yaliyompatia maisha mapya yalikuja alipofunga mzigo wake akatoka.

Maneno haya ya kwanza si yangu hasa. Ni ya dada yangu mkubwa, ambaye ni mama karanga. Yaani hununua samaki kwa wavuvi wanaporudi, akawakaanga, akauza. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na samaki wakawa adimu, huwa na jioni nyingi za kukaa. Basi nilikuwa nikienda kwake na zile sahani, tukatazama sehemu tano au sita kwa usiku mmoja, nami nikimfasiria maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya picha. Tulipofika kama katikati, akaweka kikombe chake cha kahawa chini akaniambia, "Mdogo wangu, mbona wasema huyu yuwavumilia? Mimi kila nikimwangalia yuwafunga virago." Tangu usiku ule nikaanza kuhesabu virago.

Hebu tuvihesabu pamoja, ewe msomaji. Oshin alizaliwa mwaka 1901 katika nyumba ya wakulima mafukara, mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, ambako theluji huzika vijiji. Akiwa na miaka saba kwa hesabu yao alitolewa kwenda kulea mtoto wa watu kwa mwaka mzima, na ujira wake, gunia moja la mchele, ukachukuliwa na wazazi kabla hajaanza kazi. Huko aliteswa, akala chakula kisichotosha, na akavumilia. Sarafu ya seni 50 ilipopotea, aliambiwa ameiiba yeye. Ndipo akatoka, mtoto mdogo peke yake katika theluji, akakaribia kufa. Aliyemwokoa ni askari mtoro aliyejificha milimani. Askari huyo ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, na kupuliza kinanda cha mdomo. Lau Oshin angebaki pale akavumilia, asingejua herufi.

Alipokuwa msichana wa miaka 16, baba yake alitaka kumpeleka kwenye kazi ambayo mzazi mwenye haya hawezi kuitaja. Dada yake, aliyerudi nyumbani akifa kwa maradhi ya kifua baada ya kutumikishwa katika kiwanda cha hariri, alimpa anwani ya msusi wa Tokyo. Oshin akatoka usiku. Akawa msusi. Akaolewa, akafungua kazi ya kushona nguo za watoto, na kazi ikasimama. Kisha tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923 likaibomoa pamoja na nusu ya mji.

Hapo mume akamchukua kwao Saga, kusini kabisa mwa nchi, kwa mama yake. Sehemu hizi za Saga ndizo zilizowaliza watu wengi zaidi, na ndizo hasa wanazozitaja wahubiri wa uvumilivu. Basi tazama uvumilivu ulimletea nini. Alilimishwa akiwa na mimba. Aliumia mkono wa kulia, ukaingia ganzi, asiweze tena kuushika uzi wala kitana. Mtoto wake wa kike akazaliwa maiti, na maziwa yake yakanyonywa na mtoto wa wifi yake. Mavi ya kuku na majivu ya jikoni yana thamani kuliko alivyokuwa na thamani mwanamke yule katika nyumba ile. Hakuna mbivu iliyoiva Saga. Oshin alimbeba mwanawe wa kiume, Yu, akaondoka.

Nataka tusimame kidogo kwenye mkono ule, maana kwangu mimi ndio moyo wa mchezo wote. Ni rahisi kusema kwamba mtu akianguka ainuke. Lakini Oshin aliporudi Tokyo alikuta kazi yake ya ususi ipo, mwalimu wake yupo, wateja wapo, na mkono haupo. Vidole havikumtii. Ujuzi aliouchuma kwa miaka umebaki kichwani kama mali iliyofungiwa ndani ya kasha ambalo ufunguo wake umetumbukia baharini. Mtu wa namna hii afanye nini? Akae amlilie mkono? Mtunzi wa mchezo alimpitisha katika biashara ndogondogo za chakula, na hatimaye akamfikisha Ise, kando ya bahari, akauza samaki kwa kuwatembeza mlango kwa mlango akisukuma mkokoteni. Kusuka hakuwezi, lakini hesabu anajua. Kusoma anajua. Kuzungumza na mke wa mtu mlangoni mpaka akanunua, alijifunza akiwa msusi. Kumbe ujuzi haukuwa mkononi peke yake.

Dada yangu hakuwa na machozi katika sehemu hizi za Ise. Alikuwa na wasiwasi wa mfanyabiashara. "Jua limepanda," akisema, "na huyo hajafika mtaa wa pili. Samaki hawa wataharibika." Na alipoona Oshin anauliza kila nyumba wanakula nini na wana watu wangapi, ili kesho alete kinachotakiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mwalimu aliyeona mwanafunzi amepata hesabu.

Katika mwaka 1945 Oshin anafika miaka 45. Vita vimekwisha, Japani imeshindwa. Mwanawe wa kwanza, Yu, yule aliyembeba mgongoni kutoka Saga, amekufa kwa njaa katika vita vya Ufilipino. Mumewe, aliyeshirikiana na jeshi na kuwahimiza vijana wa watu kwenda vitani, ameshindwa kuwatazama wazazi wao usoni, akajiua. Hapa ndipo mchezo ulipofanya jambo ambalo mwanzoni nililiona kama hitilafu ya kazi tu, kisha nikalipenda. Mwigizaji Yuko Tanaka, aliyekuwa Oshin tangu usichana, anamwacha akiwa na miaka 45. Tunapomkuta tena ana miaka 50, na sasa ni Nobuko Otowa, mwanamke aliyekuwa amezaliwa mwaka 1924 na ambaye uso wake ulikuwa na makunyanzi yake mwenyewe. Uso mwingine kabisa. Nani katika sisi tuliofika umri huo hajajitazama kwenye kioo asubuhi moja akauliza huyu ni nani aliyeletwa kunichukulia nafasi yangu?

Na huyo mwenye uso mpya ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko zote. Lile duka dogo la samaki na mboga analigeuza, kwa kushindana na kushauriana na mwanawe Hitoshi, kuwa duka la watu kujichukulia bidhaa wenyewe na kulipia mlangoni, haya tuyaitayo supamaketi, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni Japani. Alikuwa amepita miaka 50. Huku kwetu angekuwa ameshaambiwa mara mia atulie.

Nimewataja wanawake zaidi kwa kuwa wao ndio wanaopigwa kwa methali ile, lakini wanaume nasi tunayo kufuli yetu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Miaka mitano ikaongezwa kazini, lakini hakuna aliyetuambia baada ya hapo mtu awe nani. Nenda kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale baada ya alasiri uwaone. Mtu alikuwa karani mkuu bandarini, alikuwa akijua kila meli na shehena yake, leo amekaa anahesabu kete za bao na vidonge vya presha. Ukimwuliza habari atakwambia, "Twasubiri tu." Wasubiri nini, sheikh wangu?

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 51 pale gazeti nililolitumikia lilipopunguza waandishi wake, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Sitalitaja, na sina haja ya kulitaja. Jambo hilo limewapata wengi katika kazi hii. Nilikaa barazani miezi kadha nikingoja simu. Zile jioni za kusi nilizokwenda na sahani kwa dada yangu zilikuwa ni njia ya kuukimbia usiku. Lakini mkono ule wa Oshin ulinikaa. Nikajiuliza, kama meza ya gazeti ndiyo mkono wangu uliopooza, nimebaki na nini?

Nilichobaki nacho nilikipata nikiwa mtoto, mbele ya maalim, nikiwa na ubao mapajani na hofu ya bakora. Chuoni tulifundishwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya kusoma Kurani, na babu akanionyesha jinsi herufi hizo hizo zilivyobeba Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya kuja hizi za Kizungu. Majumba mengi ya Lamu, Mombasa na Malindi yana kasha la karatasi za mababu: barua, hati za kuuziana mashamba, tenzi za mawaidha. Wajukuu hawawezi kuzisoma. Hata aliyesoma Kiarabu sana hukwama, maana Kiarabu hakina herufi zote za sauti zetu. Herufi be peke yake, katika karatasi hizo, yaweza kuwa b, yaweza kuwa p, yaweza kuwa mb. Msomaji lazima awe na lugha masikioni ndipo ajue kama mwandishi alisema pembe au bembe. Na kama ni utenzi, ni vina na mizani ndivyo vitakavyomwambia amekosea. Basi mimi sasa hizo ndizo kazi zangu. Watu huniletea karatasi, nikawasomea, nikawaandikia kwa herufi wanazozijua. Wengine hulipa, wengine huleta halua. Mwezi uliopita nilimsomea mama mmoja barua ya babu yake, naye akaniomba nirudie mstari mmoja mara tatu, mstari wa babu kumsalimia mkewe.

Sidai kwamba mchezo wa televisheni ulinipa kazi. Ulinifanya nihesabu nilicho nacho, badala ya kuhesabu nilichonyang'anywa.

Najua nitaambiwa kwamba ninaipiga vita subira, nami ni mtu wa chuoni. Hasha. Lakini subira niliyofundishwa mimi haikuwa ya kukaa. Nabii Yaakub alimpoteza Yusuf akasubiri mpaka macho yakapofuka kwa huzuni, na bado aliwaamrisha wanawe warudi wakamtafute ndugu yao na wasikate tamaa. Subira yake ilikuwa na miguu. Na Mtume wetu s.a.w. alipewa utume akiwa na miaka 40, akaihama Makka kwenda Madina akiwa na miaka 53. Umri huo ndio tunaowaambia watu wetu kwamba umekwisha. Zamani niliwahi kulitungia jambo hili ubeti mmoja, nao ni huu:

Subira si kukalia, mlango ukafungika,
Wala si kuinamia, hata shingo kuvunjika,
Mvuvi hutazamia, upepo ukigeuka,
Kisha tanga hutwekea, na chombo kikaondoka.

Mahali ambapo Oshin alizusha jambo zito kuliko pote ni Iran. Mchezo ulionyeshwa huko katika miaka ya 1980, wakati wa vita na Iraq vilivyodumu tangu 1980 hadi 1988, na waliupa jina lenye maana ya miaka ya mbali na nyumbani. Fikiria nchi yenye wajane wapya kila wiki, mbele yao mwanamke aliyepoteza mume na mtoto kwa vita na bado asubuhi akaamka kuuza. Jina la nyumba ya mumewe, Tanokura, liliingia katika lugha yao. Mpaka hii leo nguo za mitumba na masoko yake huko huitwa tanakura. Wafanyabiashara wetu wa Kongowea wana ndugu zao Tehran kwa njia ya Japani bila ya kujua!

Kisha Januari 1989, siku ya kuadhimisha uzawa wa Bi Fatuma, radio ya huko iliwauliza wanawake ni nani kigezo chao. Mmoja akajibu kwamba yeye kigezo chake ni Oshin. Ayatollah Khomeini alighadhibika sana, akaandika barua kali kwa mkuu wa utangazaji, na watumishi wa radio waliohusika wakahukumiwa, ingawa baadaye walisamehewa. Sisi tuliosoma tunajua cheo cha binti wa Mtume, na hakuna wa kumweka naye kwenye mizani moja na mwanamke wa mchezo. Lakini sidhani mwanamke yule alikuwa akipima vyeo. Alikuwa akijibu swali la jikoni kwake. Alitaka mtu wa kumwonyesha namna ya kuanza tena siku ya Jumamosi, akiwa na watoto watatu na hana mume, na radio na mimbari zilikuwa zikimpa sifa za Bi Fatuma bila ya kumweleza jinsi Bi Fatuma alivyosaga nafaka mpaka mikono ikachubuka. Tukiwafanya watu wetu wema kuwa taa za juu ya mnara tu, mwenye kutembea gizani atachukua koroboi ya Mjapani.

Sasa niseme na upande wa pili, maana mchezo huu haukutungwa na mpambe. Watu husahau jinsi unavyoanza. Unaanza mwaka 1983, Oshin ni bibi wa miaka 83, tajiri, na siku hiyo jamaa zake wanafungua supamaketi ya 17. Bibi haonekani. Amepanda treni peke yake. Ni Kei tu, kijana anayemwita bibi ingawa si wa damu yake, anayekisia alikokwenda, naye humkuta huko Ginzan, kwenye chemchemi za maji moto za Yamagata, katika theluji ya utoto wake. Hadithi yote ya sehemu 297 ni bibi akimsimulia kijana huyo, na anasimulia kwa sababu anatafuta ni wapi alipokosea. Duka la 17 lilikuwa linakwenda kuua biashara ya jamaa za Kota, mwanamume aliyempenda tangu ujana na ambaye ndiye aliyempeleka Ise kwa wauza samaki. Maisha mapya ya Oshin yalisimama juu ya mkono wa mtu huyu, na sasa wanawe wanataka kuuvunja mkono huo kwa faida.

Hili ndilo wasilolisema wanaotuhubiria siku hizi habari za kuanza upya, katika semina za mahoteli na vitabu vya majalada ya kung'aa. Anayeinuka akiwa na miaka 50 haanzi na sifuri. Anaanza na madeni ya watu waliomshika. Dada yangu, tulipomaliza sehemu ya mwisho, aliniomba nimrudishie ile ya kwanza. Alipomwona bibi dirishani mwa treni hakusema neno mpaka ikaisha, kisha akaniuliza jina la mvuvi fulani wa Mtongwe aliyekuwa akimkopesha samaki miaka ile alipofiwa, kama mimi najua anaumwa wapi.

Aliyetunga haya yote ni mwanamke, Sugako Hashida, na maisha yake ni ushahidi wangu wa mwisho. Alizaliwa Seoul mwaka 1925, wakati Korea ikitawaliwa na Wajapani. Mwaka 1949 aliingia katika kampuni ya filamu ya Shochiku, kwenye idara ya watunzi iliyokuwa ya wanaume, akaiacha miaka kumi baadaye akajitegemea. Aliolewa akiwa na miaka 41. Oshin alipoanza kuonyeshwa yeye alikuwa na miaka 57, na mwaka mzima ule alikuwa akiandika. Mumewe alifariki mwaka 1989. Mwaka uliofuata, mjane wa miaka 65, akaanzisha mchezo mwingine wa mambo ya jamaa na mkahawa wao, na mchezo huo ukaendelea kwa vipindi mpaka mwaka 2011. Alifariki tarehe 4 Aprili 2021 akiwa na miaka 95, siku na mwezi ule ule ambao Oshin alionekana mara ya kwanza.

Wala tusidhani hayo ni ya Wajapani tu. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, muuza vyungu wa zamani, alikuwa akikaribia miaka 50 sauti yake ilipotiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert aliona kuwa mwanamke yule anastahili kuandikiwa wasifu, akauandika. Televisheni zetu mpaka leo hazijaona.

Televisheni zetu zimeona nini? Zimeona michezo ya Mexico, ya Ufilipino na ya Uturuki, ambamo mama wa miaka 50 ni mkwe mwenye sumu ndani ya kikombe. Za kwetu wenyewe zimetupa vichekesho vizuri. Mama Kayai na marehemu Mzee Ojwang' walituchekesha miaka na miaka katika Vitimbi, nami ni katika waliocheka. Lakini mchezo wa mwanamke wa kawaida wa Pwani, aliyefiwa au aliyeachwa, anayeanza biashara wakati wenziwe wanagawana uradi, nani ameuonyesha? Watunzi wa Kiswahili tunao, na wengine wamekaa barazani. Gharama si kisingizio. Hashida alihitaji dakika 15 tu kwa siku, nyumba chache, na watu wanaozungumza. Kituo chochote kinachotupigia miziki asubuhi nzima kina dakika hizo.

Na kikipatikana kituo, nina ombi moja kwa watakaochagua waigizaji. Wasimchukue msichana wa miaka 25 wakampaka unga kichwani ati awe mvi. Wapande feri waende Likoni saa kumi na mbili za asubuhi, mashua zinapoingia, wawasikilize wale mama karanga wanavyobishana na wavuvi juu ya bei. Wapo wenye uso wa kazi hiyo, na hawahitaji kufundishwa maneno.